Vigae Elfu Kumi na Kimoja

Kaka yangu alihesabu mara tatu, na mara zote akapata vilevile: vigae vidogo vidogo elfu kumi na kimoja.

"Unaona? Hicho kimoja cha nini? Akili ya mzee ilishachoka. Jumatatu namwaga vyote, nataka nafasi."

Baba alikuwa amekaa mlangoni mwa karakana, anatabasamu tu. Mwaka mzima sasa anasahau. Juzi aliniita shangazi. Lakini enzi zake alikuwa fundi vigae asiyekata cha akiba. Wenzake huongeza kumi kwa kila mia, vya kuvunjika. Yeye alikata idadi kamili, akaiandika kwenye kifuniko cha sanduku, na kazi ikaenea. Haya yalikuwa masanduku yake ya mwisho, na kazi ilikuwa ya wapi, hakumbuki.

Nilikasirika, jamani. Sikutaka namba ile iwe ushahidi kwamba baba yangu alikuwa ameshapotea alipoiandika. Nikachukua chaki.

Sakafu ni safu, na safu zote zina vigae sawa, kwa hiyo namba lazima igawanyike. Kwa mbili? Kinabaki kimoja. Tatu? Viwili. Saba, vitano. Kumi na moja, viwili tena. Namba inaringa kama bibi harusi!

"Ikikataa zote," kaka akacheka, "basi ni safu moja ya mita mia mbili. Labda alitaka kutandika barabara."

Kikomo nilikijua: mia. Mia mara mia ni elfu kumi, kwa hiyo upande mfupi hauwezi kuzidi hapo. Nikafika sitini na saba, ikakataa. Sabini na moja, ikakataa. Nilianza kuogopa.

Sabini na tatu. Hakikubaki hata kimoja.

Sabini na tatu mara mia moja thelathini na saba! Tena hizo mbili zenyewe hazigawanyiki, kwa hiyo sakafu ya mstatili ni hiyo tu, hakuna nyingine. Kila kigae na mwanya wake ni sentimita mbili. Nikaandika: mita moja na sentimita arobaini na sita, kwa mita mbili na sabini na nne.

Kaka aliacha kucheka. "Chumba gani chembamba hivyo?"

Tukatazamana. Mganga hajigangi: miaka arobaini mke wa fundi vigae anapika juu ya saruji tupu.

Tuliingia jikoni na tepu.

"Mnapima nini, jeneza langu?" mama akauliza.

Upana, mia moja arobaini na sita. Urefu, mia mbili sabini na nne. Nilipomweleza, mama alizima jiko, akakaa.

"Aliniahidi kabla hamjazaliwa," akasema. "Nilidhani hicho ndicho kitu cha kwanza alichosahau."

Kaka alitoka. Akarudi na sanduku begani, na baba nyuma yake.