Kofia ya Antena

Jumatatu asubuhi ardhi ya Rugerero ilipanda milimita kumi na tisa, na mimi, kwa huu mdomo wangu usio na breki, nikaenda kumwambia mama.

Kazi yangu ni kutunza kituo cha kupimia kwa setilaiti, nguzo ya zege yenye antena juu yake, pale Rugerero nje kidogo ya mji wa Gisenyi. Antena inasikiliza setilaiti usiku na mchana, na mwenzangu Gatesi, aliyeko Kigali, anakokotoa kimo chake kila siku. Sisi tunaoishi chini ya volkano hatukichukulii kimo hicho kama mchezo, kwa sababu mlima ukivimba, ardhi hupanda. Na Jumamosi ya wiki ileile mdogo wangu Rayhana alikuwa aolewe na Habib, mtu wa Goma, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, karibu zaidi na mlima wenyewe.

Mama aliweka mwiko chini. Milimita ni kitu gani hakuuliza. Alikumbuka ule mwaka wa 2021, mlima ulipotema moto na watu wa Goma wakamiminika kwetu na magodoro kichwani.

"Mi sitatuma mutoto kwa mulima yenye iko navimba," alisema. "Harusi ingojee."

Basi Habib akapigiwa simu aambiwe angoje ardhi ishuke. Rayhana alilia chumbani, akanawa uso, akaja kuniuliza kwa upole kama nina hakika. Nikamjibu kwa ukali kwamba namba hazidanganyi. Ukali ule ulikuwa wa woga tu, maana Jumamosi iliyopita nilikuwa nimebadilisha antena.

Gatesi naye alikuwa ameshaniuliza kuhusu antena. Kila antena ina mahali pake pa kusikilizia, na kiwanda hupapima mahali hapo kikaandika jedwali la masahihisho. Ukiweka antena mpya ukaacha jedwali la zamani, ardhi itapanda au kushuka kwenye karatasi bila mtu kugusa hata jiwe. Haya yote nayajua kama jina langu, na jedwali jipya nilikuwa nimelituma mwenyewe. Nilimjibu Gatesi kwa kiburi, na nikakata simu kabla hajamaliza.

Jumanne jioni baba alikuwa kwenye cherehani yake, anamalizia kanzu ya bwana harusi kana kwamba hakuna kilichoahirishwa. Baba, Kadiri fundi, ameshona mjini hapa miaka thelathini, na nyumbani kwetu hakitupwi kitu. Vipande vya kanzu huwa kofia, na vya kofia huwa vishikio vya sufuria. Aliniuliza kama nilikuwa nimebadilisha kitu kule kituoni. Nikamwambia antena peke yake. Nguzo ni ileile, waya uleule, hata ile kofia ya plastiki ya kukinga mvua ni ya zamani, kwa sababu ilikuwa bado nzima na ilikaa sawasawa kwenye antena mpya.

Baba akasimamisha cherehani.

"Na wale ba kiwanda, walipima antena na kofia ao kichwa wazi?"

Jedwali nililotuma lilikuwa la antena isiyovaa kitu. Plastiki ile hupindisha mawimbi kidogo tu, lakini kidogo kile kinatosha kuinua ardhi nzima ya Rugerero kwenye hesabu. Wala kwenye daftari la kituo sikuwa nimeandika habari ya kofia. Niliona haya sana, na chini ya haya hiyo nilikuwa na furaha.

Jumatano kulipokucha nilipanda ngazi, nikaivua kofia, nikampigia Gatesi kumweleza na kumwomba radhi. Tukangoja. Ijumaa mchana Gatesi alipiga simu akacheka kwanza, kisha akasema kimo kimerudi kwenye mstari wake. Nikaandika kosa kwenye daftari na jina langu chini yake, nikakimbilia nyumbani.

Nilimweleza mama kila kitu, pamoja na kiburi changu. Nilitegemea anigombeze. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, akajipangusa mikono kwa muda mrefu.

"Bon. Basi, donc mulima iko pale yake," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Mi nilifurahi, Nasrine. Ile siku ulisema imepanda, nilifurahi. Nikasema mulima imeniachia mutoto wangu."

Nikamkumbatia, kisha mama mwenyewe akampigia Habib simu kumwambia harusi ni kesho.

Jumamosi tulivuka mpaka pale Grande Barrière na bibi harusi wetu, mabegi na masufuria. Mama alipakata sinia ya halua, ameifunika kwa ile kofia ya plastiki, ambayo ofisi ilikuwa imeniruhusu niichukue. Askari wa mpakani aliuliza ni kitu gani, mama akamwambia ni kofia ya mlima. Askari akatupisha.

Jioni, wakati wa kuagana, Rayhana alimrudishia mama sinia na kofia yake. Mama alichukua sinia peke yake.

"Hiyo nakukopesha," alisema. "Nitakuwa nakuja kuiangalia kila Ijumaa."