Mchuzi wa Mzazi

Watu walikuwa hawajapangwa mstari, na tayari Simone alikuwa amembadilishia mtoto titi mara tatu. Mtoto alivuta, akaachia, akalia. Alikuwa na siku nne, mzaliwa wa kambini, ndani ya banda la kukaushia matofali walimowekwa baada ya mto kubeba nyumba zao. Hiyo ni Stanleyville, Kongo ya Wabelgiji, Novemba 1955.

"Maziwa haitoki," Simone alimwambia mumewe, Camille. "Mama angenipikia samaki mubichi na pilipili. Hii makayabu inanipatia kiu tu."

Makayabu ndiyo posho yenyewe: samaki wa chumvi waliokuja kwa meli, wagumu kama soli ya kiatu. Wavuvi wa maporomoko kama wao wanaletewa samaki kutoka Ulaya, na bado wanatakiwa kusema asante!

Camille alibakiwa na migono miwili, mitego yake ya samaki, kwenye mawe ya maporomoko. Mgono hutazamwa asubuhi. Ukichelewa, mwingine anakutazamia. Akamwendea Sébastien, karani wa kambi.

"Papa Karani, uniache niende ku migono. Bibi yangu amezala, maziwa hana."

"Leo muzungu wa serikali, ule wa Territoire, anakuya kuona kambi. Kila papa anasimama ku mustari, anahesabiwa. Ukikosa, ninakata jina yako, na posho ya nyumba yote. Alors, chagua."

Camille alichagua. Alipita nyuma ya tanuri la matofali akakimbia. Saa sita alirudi, goti limechubuka, mkononi kambare mmoja. Jina lake lilikwisha kupigwa wino mwekundu.

"Bon, umekata yangu. Basi andika ya mutoto."

"Mutoto alizaliwa nyuma ya mafuriko," Sébastien alijibu, macho chini. "Hii liste ni ya watu wa mafuriko."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Simone alikunywa mchuzi wote wa kambare, jasho la pilipili likimtiririka. Jioni titi likajaa. Mtoto alimeza kwa kelele kama mlevi, na Camille akacheka huku akifuta machozi. Alimpenda mtoto yule kupita kiasi. Ndipo akamweleza mkewe habari ya orodha.

Simone alimsogezea kichwa cha kambare, alichokuwa amemwekea.

"Kula," alisema. "Kesho uende mbele ya jua kutoka. Sasa hakuna mutu wa kukuhesabu."