Mpingo Ungali Baridi

Pakou Xiong aliingia ukumbini anahema, theluji ingali mabegani, akakuta watu wote wamekaa wanamngoja yeye. Si kwamba alikuwa mkubwa wao. Katika okestra mpiga zumari ndiye anayetoa noti ya kwanza, na wengine wote, wa fidla na wa tarumbeta, wanaifuata hiyo kurekebisha ala zao. Bila yeye hakianzi kitu.

Na haikuwa siku ya kuchelewa. Mara moja kwa mwaka okestra kubwa ya mji, ile ya watu wazima wanaolipwa, huwaita vijana wake wanaojifunza kila Jumamosi wakae nao jukwaani, kila kijana ubavuni pa mzee wake. Asubuhi ni mazoezi ya mwisho, jioni watu wanaingia kusikiliza. Sehemu ya pili ya simfonia, muziki mrefu wa siku hiyo, ilikuwa na wimbo mrefu wa zumari peke yake, na mwaka huu Bwana Dahlgren, mpiga zumari wa okestra kubwa na mwalimu wa Pakou, alikuwa amesema wimbo huo ni wa Pakou. Mama yake alikuwa ameomba ruhusa kiwandani. Mashangazi walikuwa njiani kutoka mji wa St. Paul na makapu yao ya wali wa kunata.

"Bibi harusi kafika," alinong'ona Signe Maki, mpiga filimbi kijana aliyekaa jirani yake. "Tulidhani umeolewa huko huko njiani."

Pakou alikaa, akafungua sanduku la zumari. Gari la mama lilikuwa limegoma kwa baridi ya upepo wa ziwani, wakamngoja jirani aje na waya za kuliwasha, na muda wote huo zumari ilikuwa nyuma kwenye buti la gari. Alipoitoa sandukuni ilimuuma vidole kwa ubaridi. Wala haikuwa yake. Bwana Dahlgren alimwazima ile aliyoipiga mwenyewe ujanani, ya mpingo, nyeusi tii.

Kila mpiga zumari wa nchi za theluji anajua la kufanya. Ukitoka nje unaikumbatia kwanza, unaiweka kwapani ndani ya sweta mpaka mti upate joto, ndipo unapuliza. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Zumari za shule ni za plastiki, hazijali. Mpingo unajali: pumzi ya moto ikiukuta baridi, hupasuka.

Lakini mwongozaji alikuwa ameshasimama na kijiti chake, anamtazama. Mtu mmoja huko kwenye fidla akakohoa. Pakou akaona haya kuwakalisha wazee wazima wamngoje amekumbatia kipande cha mti kama mtoto mchanga.

Akapuliza.

Noti ilitoka safi, wote wakaifuata. Katikati ya sehemu ya kwanza akasikia kitu kidogo, ti, kama ukucha unaovunjika. Toka hapo noti za chini zikakataa kutoka. Walipofika sehemu ya pili mwongozaji aliuruka wimbo wake, akasema mtoto atunze pumzi za jioni. Wengine wakatabasamu. Yeye jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni.

Mazoezi yalipokwisha alijifungia chooni akaishika zumari chini ya taa. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, umeanzia juu kabisa ukapita tundu hadi tundu. Signe alipogonga, alimfungulia akamwonyesha. Signe, ambaye hakosi mzaha, safari hii alikosa. Akasema nenda kamwambie Bwana Dahlgren sasa hivi. Pakou akasema hapana; akimwambia, wimbo unarudi kwake, na mama yuko njiani. Aliwahi kusikia kwamba mafundi huziba nyufa kwa supagluu. Akavuka barabara hadi duka la dawa linalouza na vikorokoro vya nyumbani, akainunua, akarudi chooni.

Alikibinya kichupa kwa haraka. Gundi ilijaa ufani, ikapita, ikaingia chini ya vibonyezo vikaganda pale pale. Akajaribu kuifuta kwa vidole vya mkono wa kulia, navyo vikanata kwenye mti. Alivuta mpaka machozi yakamtoka. Ngozi nyingine ilibaki kwenye mpingo, na iliyobaki vidoleni ikawa ngumu, imekunjamana.

Ndipo akaenda.

Bwana Dahlgren alikuwa chumba cha nyuma anachonga matete ya kupulizia. Aliipokea zumari, akapitisha kidole juu ya ufa taratibu, toka juu hadi chini. Pakou alikuwa na jibu lake tayari: mti umezeeka, umepasuka wenyewe.

"Uliipasha joto?"

"Hapana," alisema Pakou. Hata yeye alijishangaa.

"Najua. Nilikuwa ubavuni pako, binti. Niliona unaitoa sandukuni unaipeleka mdomoni moja kwa moja."

"Mbona hukunizuia?"

Mzee aliilaza zumari mezani. "Watu walikuwa wanangoja," akasema.

Kisha akachukua zumari yake mwenyewe akampa, akamwambia apige. Pakou akapiga. Vidole vyenye gundi havikuziba matundu. Upepo ulipenya, sauti ikatoka kama mbuzi anayevutwa mkia. Akarudia, ikawa vile vile. Mzee akamshika mkono, akaanza kumkwangua gundi kwa kile kisu cha matete, polepole, mpaka damu ikachungulia. Pakou akamwambia aendelee tu. Mzee akakiweka kisu chini.

"Haiwezekani," alisema. "Wimbo nitaupiga mimi. Noti ya kwanza inataka vidole vya kushoto tu. Hiyo toa wewe."

Jioni ukumbi ulijaa. Pakou akatoa noti ya kwanza kwa zumari ya mzee, ndefu, imenyooka, haikutikisika hata kidogo. Mashangazi wakadhani ndio wimbo wenyewe, wakapiga makofi, watu wa mbele wakageuka kuwatazama. Kisha akamrudishia mzee zumari yake.

Sehemu ya pili ilipoanza alimwona mama safu ya nne, na gauni lake la sherehe lenye nakshi, ameinua simu kwa mikono miwili arekodi. Bwana Dahlgren akavuta pumzi. Wimbo ukatoka, kila noti ambayo Pakou alilala nayo na kuamka nayo majira yote ya baridi. Mama alisubiri. Aliangalia mdomo wa mwanawe, akaangalia wa mzee, akarudi kwa mwanawe. Simu ikaanza kushuka, kidogo kidogo, mpaka ikafika mapajani.

Pakou hakuinamisha uso. Zumari iliyopasuka ilikuwa kwapani, ameibana ndani ya sweta jeusi, wala hakumbuki aliiweka saa ngapi. Mpingo ulikuwa umeshapata joto.