Hitima ya Mzabuni

Mwaka ule walituambia soko limekuwa huria, kwa hiyo hata chakula cha mchana cha shule kimepewa mzabuni. Jina lake likasomwa mkutanoni, tukapiga makofi kama wajinga. Kilichobaki ni chakula chenyewe.

Kila wiki Bwana Hiza, afisa wa Chanika, alikuja kutwambia, "Mzabuni anawasalimu. Yuko njiani." Wakati tunangoja, wakubwa wakaamuru jiko la shule liwake kila siku saa sita, maana moshi ulikwisha andikwa kwenye ripoti. Wazazi tukaleta kuni. Watoto wakanawa mikono, wakapanga foleni na sahani, mwalimu mkuu akawapakulia maji ya moto.

"Baba, leo yalikuwa na jani," binti yangu Ikram aliniambia.

Kesho yake akaanguka kwenye foleni hiyohiyo. Mama yake, Tatu, nilimzika huku naambiwa dawa nazo ziko njiani. Sasa nimebaki na huyu tu.

Nikabeba unga na dagaa mpaka shuleni. Hiza alikuwa amesimama anautazama moshi.

"Mzee Mhina, sufuria hiyo ni ya mzabuni. Ukipika chako unamharibia biashara."

"Na mtoto akianguka?"

"Aandikwe."

Nikakaa juu ya kuni. Hapo nikakumbuka kwamba Tatu sijamfanyia hitima, sikuwa na cha kuwalisha watu. Na kwetu Uzigua, hata uwe na cheo gani, huzuii chungu cha msiba.

"Basi hii ni hitima ya mke wangu," nikasema. "Waalikwa ndio hao wenye sahani."

Hiza akavua kofia. "Pole, mzee." Tukasoma dua, akala ugali sahani mbili.

Kesho yake jirani yangu Semboja akamlilia babu yake, aliyekufa enzi za Mjerumani. Keshokutwa mwingine akaleta shangazi. Koikai, mfugaji wa bondeni, akaja ananuna.

"Sisi Wamasai marehemu hatumtaji."

"Usimtaje. Lete maziwa."

Akaleta madumu matatu, hakusema ya nani. Hiza hakukosa msiba hata mmoja. Ikram akaanza kukimbia tena.

Kufika mwezi wa saba wafu wakatuishia. Mwalimu mkuu alikwisha mlilia mama yake mara mbili, na mama mwenyewe alikuwa hai Mnyuzi. Siku hiyo sufuria ilikuwa tupu, watoto wamekaa na sahani.

"Leo nani?" Hiza akauliza, kofia tayari mkononi.

"Mzabuni," nikasema.

"Mzabuni hajafa."

"Umemwona?"

Akafikiri. "Mimi sijamwona."

"Nani amemwona?"

Hiza akainamisha kichwa. "Innalillahi," akasema polepole.

"Basi pole sana," Semboja akamwambia. "Maana salamu zake zote zilikuja kwako. Ndugu yake mwingine hatumjui. Mfiwa ni wewe."

"Mimi?"

"Na watu wako ndio hao, wanangoja."

Alituangalia mmoja mmoja. Halafu akapanda baiskeli yake, akaenda Chanika. Saa nane akarudi na gunia la mchele nyuma, jasho linamtiririka, tukampokea kwa kumpa pole, naye akaitikia kama mfiwa kweli.

Ikram akaja kukaa karibu yangu na wali wake.

"Baba, huyu aliyekufa alikuwa mtu mwema?"

"Ameanza leo," nikamwambia. "Kula."