Herufi Mim

Kwa miaka kumi na tisa watu wa ofisini walimwita Widad "Bashmuhandisa", yaani mhandisi mkuu, na yeye hakujidanganya hata siku moja kwamba walimaanisha. Cairo nzima inaitana hivyo. Anayekuja kutengeneza kiyoyozi ni bashmuhandis, anayeuza simu ni bashmuhandis, na ukigombana na mtu barabarani, kabla hujamtukania mama yake, unaanza kwa kumwita bashmuhandis. Uhandisi wenyewe uko kwenye karatasi. Hapo mhandisi huwekewa herufi moja mbele ya jina lake, mim, na kijistari pembeni. Daktari huwekewa dal. Widad hakuwa na herufi yoyote. Alikuwa na diploma ya shule ya ufundi, mkono wa kuchora usiotetemeka, na miguu iliyokuwa imeingia kila kichochoro ambacho ofisi ile iliwahi kukiandikia ripoti.

Ofisi ilikuwa Dokki, ghorofa ya nne, na kazi yake ilikuwa kuishauri serikali jinsi ya kuipanga miji upya. Mwezi ule waliomba zabuni ya kuujenga upya mtaa wa Izbat al-Sabbagh. Waliotoa zabuni walitaka kijitabu cha wafanyakazi, kila mmoja na ukurasa wake: picha, masomo, kazi alizofanya. Widad ndiye aliyekuwa akikipiga chapa.

"Ukurasa wa saba mbona mweupe?" akauliza Daktari Murtada, mwenye ofisi, akiwa amesimama nyuma ya kiti chake.

"Wanataka wahandisi saba, Daktari. Sisi tunao sita."

"Mimi naona saba."

Widad akageuka kuangalia nani ameingia. Nermin, mhandisi kijana aliyesomea Italia, akaangua kicheko. "Wallahi anatafuta mwenziwe!"

Widad alipoelewa, uso ulimwaka. "Daktari, mimi ni diploma tu."

"Rida!" Daktari akaita. Mzee Rida, mpika chai wa ofisi, akatokeza na sinia lake. "Huyu hapa unamwitaje?"

"Nani, Bashmuhandisa?"

"Umesikia? Umma umeshasema. Andika: mim, kijistari, Widad Abu Sari. Kitivo cha uhandisi."

"Niandike nilimaliza mwaka gani?"

"Mwaka ambao ungemaliza kama ungekuwa na akili."

Wakacheka wote, na Rida pia, maana sinia lilikuwa bado mkononi na hakujua aende wapi. Widad akaandika mwaka. Mwaka ule, kwa kweli, alikuwa akiuza soksi kwenye mlango wa soko la Ataba.

Alipofika sehemu ya kazi alizofanya, vidole vilimwendea vyenyewe. Aliandika kuhusu Izbat al-Sabbagh: miezi kumi na moja ya kupima mtaa ule nyumba kwa nyumba, na kuchora mabomba ya maji machafu ambayo hayakuwa kwenye ramani ya mtu yeyote. Ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote.

Nermin akainama kusoma. "Daktari, hii ikikaa kwake, wataanza kumuuliza maswali. Iwe kwangu."

"Mwaka ule ulikuwa Italia, Bashmuhandisa," Widad akasema polepole.

"Basi nilikuja likizo."

"Miezi kumi na moja?"

"Likizo za Italia ni ndefu, habibti. Hujawahi kwenda, utajuaje? Haya, nitajie, nyumba ngapi?"

"Mia sita na arobaini na mbili."

Nermin akanakili. Baada yake Daktari mwenyewe akavuta kiti. Akachukua soko la ngozi, akachukua upimaji wa kingo za mfereji, akachukua ile sensa ya makaburini ambako Widad aling'atwa na mbwa. Kila walipochukua walimuuliza tarehe, na kila walipomuuliza alizitaja bila kufungua faili. Mpaka adhana ya adhuhuri, ukurasa wa Widad ulikuwa umebaki na picha, kitivo ambacho hakukisoma, na herufi mim.

"Na nikiulizwa?" akasema.

"Wa saba haulizwi," Daktari akajibu. "Wewe kaa kimya, kipaji unacho. Tukishinda, nakuingiza kwenye ajira ya kudumu. Miaka kumi na tisa unasaini mkataba wa mwaka mmoja mmoja, hujachoka? Ukikataa, huu wa sasa unaisha mwezi ujao, nami sitauhuisha."

Vijitabu vilichapwa tisa. Vinane vilikuwa vya kamati. Cha tisa Widad alikificha ndani ya gazeti akaenda nacho Imbaba, kwa mama yake.

Hakuwa na nia ya kukionyesha. Lakini mama yake, Hajjat Nabawiya, ingawa macho yalikuwa na ukungu, masikio yalikuwa mazima, na karatasi nzuri ina mlio wake. "Umefunika nini?" Akakishika, akakisogeza karibu na pua. Uzeeni alikuwa amesoma darasa la watu wazima, akafika herufi nun ndipo mwalimu akahama. Nun inakuja baada ya mim. Kwa hiyo mim aliijua.

Kidole chake kilitembea kwenye ukurasa mpaka kikagota mbele ya jina la mwanawe.

"Hii ni mim," akasema. "Widad. Wamekuwekea mim."

Widad alifungua mdomo amwambie. Lakini mama yake alikuwa ameshaanza kulia, na kilio kile hakikuwa cha jambo la kusahihishwa. Kesho yake kijitabu kilikuwa kimening'inizwa kwa uzi kwenye msumari, kimefunguliwa ukurasa wa saba, pembeni ya picha ya marehemu baba yake. Umm Hani wa chumba cha pili akaja kuangalia, na wa ghorofa ya chini wakaja, wakanywa sharbati.

Siku ya kamati walikaa mbele ya meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa mhandisi mzee, Abdelghaffar, mwenye kifaa cha kusikilizia sikioni na kalamu nene ya wino mfukoni. Aliyafunua majina moja baada ya jingine, hakuuliza kitu, mpaka akafika kwa Nermin.

"Izbat al-Sabbagh umeipima wewe?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nyumba mia sita na arobaini na mbili."

"Vizuri. Bomba kuu la maji machafu linaishia wapi?"

Nermin akatabasamu. Akafunua karatasi zake mbele, akafunua nyuma. "Linaishia... mwisho wa mtaa."

"Binti yangu, mtaa una mwisho kila upande."

Wajumbe wakaangaliana. Daktari Murtada akaanza kutoka jasho juu ya mdomo, na hapo akamgeukia Widad kwa sauti tamu ambayo hakuwahi kuitumia ofisini. "Bashmuhandisa Widad, hebu msaidie mwenzako."

Widad akamtazama, ahakikishe kwamba kweli ameambiwa aseme. Akasema. Akaeleza kwamba bomba halifiki kwenye mfereji kama ramani zote zinavyoonyesha. Linakata kushoto chini ya tanuri la mkate, linapita chini ya kitanda cha mjane mmoja ambaye maji yakifurika hulala juu ya meza, na linamwaga ndani ya kisima cha kale cha watia rangi. Nyumba zilizo juu ya kisima hicho hazipaswi kuguswa kwanza, maana zitazama. Alisema kwa sauti ndogo, na chumba kizima kikainama kumsikiliza.

Mwenyekiti akavua miwani. "Nimesubiri miaka minane mtu aniambie hivyo. Hongera, Bashmuhandisa." Akafungua ukurasa wa saba kwa furaha ya kweli. "Nataka nikuandike kwenye barua yangu. Namba yako ya chama cha wahandisi?"

Widad akautazama ukurasa wake.

"Namba tu, binti yangu. Hujaiweka hapa."

"Sina," akasema.

"Umeisahau?"

Angesema ndiyo, pengine yangekwisha. "Sina, Mheshimiwa."

Halafu Daktari Murtada akacheka kidogo, kama mtu aliyeshtushwa na mzaha wa mtoto. "Mheshimiwa, samahani sana. Hiyo mim siyo ya mhandisi. Ni mim ya msaidizi."

"Msaidizi? Na kitivo cha uhandisi?"

"Kijitabu alikipiga chapa yeye mwenyewe." Akashusha sauti, akaonekana kuumia. "Tulimwamini. Mtu ukimwita bashmuhandisa kila siku kwa heshima, mwisho anaota."

"Labda ni mim ya majununi!" akasema mjumbe mmoja.

"Mim ya maskini," akadakia mwingine, na meza nzima ikacheka, Nermin akiwa wa kwanza kati ya watu wa ofisi.

Widad akasubiri aone kama yupo atakayesema neno. Hakusema mtu, wala yeye mwenyewe.

"Atakata kwa mkono wake mwenyewe, hapa hapa, nakala zote nane," Daktari akasema. "Na mhandisi wa saba tutamleta kesho. Jina lake lilirukwa kwa upuuzi wa huyu huyu."

Kalamu ya Widad ikagoma. Mwenyekiti, ambaye hakucheka, akamsukumia ile yake nene. "Kata kitivo, ukate na herufi. Herufi uifunike yote, isije ikabaki kama nukta."

Akakata ya kwanza na ya pili. Walimwangalia mpaka ya nane, na kila mstari ulitoka umenyooka kama umepigwa kwa rula. Mwenyekiti akarudishiwa kalamu yake, akaitazama kazi. "Mkono wako ni mzuri," akasema. "Ungeweza kuwa mchoraji."

Garini Nermin alifungua dirisha, kicheko cha woga kikamtoka kwa vipande. "Mim ya maskini! Nilidhani nitakufa pale."

"Ungesema umesahau," Daktari akamwambia Widad, akimtazama kwenye kioo cha gari. "Mtu anasahau namba."

"Sijui kudanganya haraka, Daktari."

"Kuandika uliandika haraka."

Kabla hawajafika Dokki, simu ya Daktari ikalia. Kamati imeridhika. Watu wanaojua bomba linapita chini ya kitanda cha nani ndio wanaotakiwa. Barua ya mwenyekiti imemtaja mhandisi Nermin na msaidizi wake.

Ofisini, barua nyingine, ya kujiuzulu, ilikuwa mezani kabla Widad hajaweka mkoba chini: Mimi Widad Abu Sari nakiri kwamba nilijiandikia herufi na masomo yasiyo yangu bila ofisi kujua, na kwa hiyo naacha kazi kwa hiari yangu.

"Uliniahidi ajira ya kudumu," akasema. Ndilo neno kubwa kuliko yote aliyopata kumwambia mtu yule.

"Nilisema ukikaa kimya."

"Wewe ndiye uliyeniambia niseme."

"Nilikuambia umsaidie. Sikukuambia ukiri." Akamsogezea kalamu. "Ukisaini, tunaachana kwa wema. Usiposaini, napeleka kijitabu kwenye chama cha wahandisi, na picha yako imo. Wao wana wanasheria. Halafu nakala zilikuwa tisa. Nane zimekatwa. Ya tisa iko wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Ukutani," akasema Widad.

Daktari akatazama saa. "Ilete kabla ya saa kumi tufunge. Sitaki karatasi yenye uongo wetu, namaanisha uongo wako, ibaki mitaani. Utasaini ukirudi nayo."

Mlangoni alikutana na Mzee Rida na sinia. Kwa miaka kumi na tisa glasi yake ilikuwa na mnanaa na vijiko viwili vya sukari. Leo pia ilikuwa nao. Rida akatazama chini.

"Chai, Bibi Widad," akasema.

Hakuinywa.

Imbaba alimkuta mama yake kitandani na Umm Hani akichambua mboga ya mlukhia miguuni pake. Widad akaenda moja kwa moja kwenye msumari.

"Unakitakia nini?" Hajjat akauliza.

"Wanakihitaji ofisini, Mama."

"Hawana vingine?"

"Wanataka kubadilisha herufi."

Mama akainuka kwa viwiko. "Ina kasoro gani? Lete." Akakishika, kidole kikaenda pale pale kilipozoea, ukurasa ulikuwa umeshafanya weusi mahali pale kwa kuguswa. "Hii si mim? Au macho yangu? Widad, ni nani amesema si mim?"

Umm Hani aliacha kuchambua. Alikuwa na mdomo wa kufikisha habari mpaka mwisho wa mtaa kabla chungu hakijachemka.

"Haina kasoro," akasema Widad. Alikuwa hajui kudanganya haraka, kwa hiyo ilimchukua muda. "Wanaitoa waniwekee dal."

Midomo ya mama ikaanza kusoma, vidole vikihesabu juu ya blanketi: alif, ba, ta, tha, jim, ha, kha. Kidole cha nane kikasimama.

"Dal," akasema. "Dal ya daktari."

Halafu akatupa kichwa nyuma akapiga kigelegele, kikongwe yule ambaye mwaka mzima hakuweza kuinua sauti kuomba maji. Umm Hani akakimbilia dirishani akakidaka, na kutoka ng'ambo ya kichochoro mwanamke mwingine, ambaye hakujua hata ni cha nini, akajibu.

Widad akafungua uzi.

"Watakirudisha lini?"

"Kesho, inshallah."

"Basi msumari tusiutoe."

"Usitoe, Mama."

Alishuka ngazi na kijitabu kwapani, vigelegele vikimfuata ghorofa kwa ghorofa. Chini, mpiga pasi alikuwa ameshatoka nje na pasi yake mkononi. "Mabruki, Daktari!" akapiga kelele. "Tusisahauliane!"

"Mungu akubariki," Widad akajibu, kama inavyojibiwa, akakaza mwendo. Ilikuwa saa tisa na nusu, na ofisi ilifungwa saa kumi.