Kambale Afumbua Macho

Kule bwawani alikofanya kazi hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Kambale, maana kambale ni samaki wa matope, na matope ndiyo yaliyokuwa ofisi yake. Bwawa lenyewe lilikuwa la umeme. Malango yake ya chuma yalikuwa chini kabisa, na kila yaliposakamwa na magogo, au nati zilipolegea, yeye ndiye aliyefungwa kamba kiunoni, akabebeshwa mtungi wa hewa mgongoni na kushushwa. Maji yale yalikuwa meusi kama masizi. Ukinyoosha mkono, huuoni. Somo la kwanza alilopewa kazini lilikuwa fupi: fumba macho. Ukiyaacha wazi kwenye giza lile utaanza kuona visivyokuwepo, ukishaona visivyokuwepo utahangaika, na anayehangaika chini ya maji hazeeki. Basi akafumba, na akazeeka.

Sasa umri wa kustaafu ulikuwa unabisha hodi. Mwaka ukiisha, kazi imeisha, na hakuwa na kinyongo na mtu. Lakini lilikuwepo jambo moja lililomkaa kooni, na alimwambia mumewe waziwazi: "Nusu ya maisha yangu nimeshinda chini ya maji, Baba Pacha, na sijawahi kuyaona. Nikifa nikiulizwa huko chini kukoje, nitasema nini? Nitasema pana nati?"

Mumewe alikuwa mwoka mikate, mtu mpole, mnene kiasi, ambaye maji aliyapenda yakiwa kwenye unga tu. Wana wao mapacha ndio waliowakatia tiketi za safari ya meli ya matembezi, kuwapongeza wazazi. Meli ilikuwa ndefu kama mtaa mzima, ina ngazi, maduka, na bwawa la kuogelea ambalo Kambale alilitazama mara moja tu akacheka. Ilipita visiwa kadhaa, lakini kimoja tu ndicho kilichosifiwa kwa matumbawe na maji yake ya kioo, nacho kilikuwa cha mwisho. Baada ya hapo ni bandari kubwa zenye mafuta na moshi, kisha nyumbani. Asipoona pale, haoni tena.

Akaenda kwenye dawati la matembezi. Binti aliyeketi pale alikuwa na tabasamu la kazini, lile linalovaliwa pamoja na sare. Akakipokea cheti cha Kambale, akakigeuza mbele nyuma.

"Safari yetu ya kuzamia ni ya wenye kadi ya burudani, mama. Hiki ni cheti cha kazi."

"Kwani maji ya kazi na maji ya burudani hayalowanishi sawa?"

"Kompyuta haina sehemu ya kukiingiza," alisema binti, kwa huruma kabisa. "Lakini nikuandikie boti yenye sakafu ya kioo. Mnakaa tu, mnatazama samaki, na juisi mnaletewa. Wazee wanaipenda sana."

Kukataliwa angekuvumilia. Hilo neno wazee ndilo lililomchoma. Alirudi kabini hatua zake zikisikika, akamkuta mumewe amelala chali, ndoo kando, uso umesawijika kwa kichefuchefu.

"Nitajitafutia mzamishaji wangu mwenyewe," akatangaza.

"Mzamishaji!" mumewe akaguna. "Hata neno lenyewe halina nia njema."

Kambale akakaa kitandani na simu. Duka la kwanza la kuzamia kisiwani lilijibu kwamba limejaa. Wateja wake wote walikuwa wale wa dawatini. La pili liliita hadi likachoka. La tatu lilimrudishia ujumbe wa sauti, sauti ya mwanamke akipiga kelele juu ya mngurumo wa mashine ya kujazia mitungi.

"Dada, nimeona picha ya cheti chako. Bwawa la umeme! Hiyo kazi mimi siiwezi hata kwa kulazimishwa. Cheti cha daktari unacho? Njoo nacho. Lakini cheti hakizamii, anazamia mtu, kwa hiyo nitakupima mwenyewe ufukweni kwanza. Ukifaulu, nakupeleka kwenye ukuta wa matumbawe. Na sikia: walioenda na matembezi ya meli, meli huwasubiri. Waliojipeleka wenyewe, meli huwapungia mkono. Mimi nitakurudisha gatini mapema, upende usipende. Niite Chumvi, kila mtu ananiita hivyo."

"Na meli ikituacha?" aliuliza mumewe, ambaye alikuwa amesikia yote.

"Tutahamia. Watu wa kisiwani nao hula mikate."

Asubuhi meli ilipofunga kamba, walikuwa wa kwanza kushuka. Wenzao wa dawatini walijipanga mstari, kila mmoja na kibandiko cha rangi kifuani, wakihesabiwa na kuhesabiwa upya. Kambale aliwapita na mfuko wake begani, mumewe nyuma yake akikanyaga nchi kavu kwa furaha ya mtu aliyeachiwa huru. Nje ya geti la bandari gari dogo la wazi lilikuwa linawangoja, na kwenye usukani yupo Chumvi: mwanamke wa makamo, nywele fupi zilizoungua kwa jua, mikono ya mtu wa kazi. Walipeana mikono hiyo, na kila mmoja akaona amekutana na mwenzake.

Duka lilikuwa chumba kimoja karibu na mchanga. Suti za mpira zilining'inia kwenye waya zikichuruzika, miwani ya kuzamia imepangwa kwa ukubwa, mitungi imesimama ukutani. Kambale alikagua vifaa vyake mwenyewe, akafungua hewa, akasikiliza, akafunga. Chumvi alimtazama hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa.

Wakaingia maji ya kina kifupi. Chumvi alimpa mitihani. Vua miwani, ivae tena, itoe maji. Toa mpira wa hewa mdomoni, uachie, utafute. Elea bila kupanda wala kushuka. Kambale alifanya yote kwa utulivu wa mtu anayemenya viazi. Miwani ilimrudia usoni kama mlango unavyorudi kwenye fremu yake. Akajua amefaulu, akangoja pongezi. Badala yake alishikwa mkono, akapandishwa juu.

"Dada, unaumwa?"

"Mimi? Siumwi popote."

"Mbona umefumba macho?"

Kambale akapandisha miwani juu ya paji la uso. Kweli alikuwa amefumba. Tangu kichwa kilipozama hadi kilipotoka, hakuwa ameona hata punje ya mchanga, na mwenyewe hakujua.

"Watu husema macho hayana pazia," alisema Chumvi, "lakini yako yanalo, tena zito. Sasa nisikilize. Kule ukutani hatuna kamba, hatusemi. Nazungumza na wewe kwa mikono. Nikikuambia panda nawe huoni, nitakupoteza. Na mkono wako hautakusaidia kule, maana matumbawe hayaguswi. Mikono inakunjwa kifuani. Kule ni macho tu. Ufundi wako nimeuona, na nakuvulia kofia. Lakini anayefumba simpeleki."

Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana iliuma zaidi. Kambale alisimama maji ya kiuno, miwani juu ya paji la uso, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni akaona haya ndani ya maji. Amebishana na kompyuta, amebembeleza simu, amevuka bahari nzima, halafu anazuiwa na kope zake mwenyewe!

"Nipe nafasi moja," alisema. "Nikifumba tena, nivue haya manguo unirudishe gatini."

"Moja," alisema Chumvi.

Mumewe alikuwa ameketi mchangani, suruali imekunjwa hadi magotini, na upepo ulimletea kila neno. Akainuka. Akaja hadi ukingoni, wimbi likamlamba vidole, akarudi nyuma nusu hatua, kisha akapiga moyo konde na kusimama palepale.

"Mama Pacha! Siku ya harusi ulinitazama uso kwa uso mbele ya watu wote, hukupepesa. Sura hii! Sasa samaki gani huko atakayekutisha?"

Chumvi alicheka hadi akameza maji. Kambale naye akacheka, na kicheko kilipomwisha, kifua kilikuwa kimelegea. Akavaa miwani, akashuka.

Kope zilitaka kuanguka. Si uoga, ilikuwa desturi ya miaka, na desturi ina nguvu kuliko nati iliyoshika kutu. Akazizuia. Mwanga ukampiga machoni. Kisha akaona mchanga, mchanga mweupe wenye mikunjo midogo, na kasamaki kembamba kakimtazama kama jirani mbea. Chumvi akanyoosha vidole vitatu. Kambale akamrudishia vitatu. Viwili, viwili. Kisha Chumvi akafanya kivuli kwa kiganja chake karibu kabisa na kioo cha miwani, ghafla, kumjaribu. Kambale hakufumba. Alitoa macho kama mtu anayesubiri chenji.

Wakatoka, na Chumvi akasema neno moja tu: "Botini."

Boti iliwapeleka hadi mahali ambapo maji yalibadilika rangi, kijani kikakatika na buluu nzito ikaanza. Mumewe aliachwa ufukweni akipunga kofia. Wawili wale waliketi ukingoni mwa boti, mgongo kwa maji, wakajiangusha kinyumenyume.

Mwanzo ulikuwa rahisi, sakafu ya matumbawe ikionekana chini. Waliifuata polepole. Halafu sakafu ikaisha. Ikakatika kama paa la ghorofa, na mbele hapakuwa na kitu ila buluu inayokwenda chini na chini, hadi macho yanachoka kuifuata. Kambale alikuwa amening'inia juu ya vina kama hivyo maisha yake yote, lakini kwenye giza kina hakina sura. Hakuwahi kuogopa kwa sababu hakuwahi kuona cha kuogopa. Sasa alikiona. Kiuno kikatafuta kamba, na kamba hakuna. Kope zikaanza kushuka zenyewe, taratibu, kama mtu anayesinzia mkutanoni.

Akajua kabisa kwamba zikikutana, imekwisha. Si leo tu, imekwisha moja kwa moja. Hasira zikampanda. Akajiambia moyoni: huyu Kambale amefungua malango ya chuma yaliyoishinda winchi, leo ashindwe kufungua vigozi viwili? Akainua mikono yake mbele ya uso apate pa kutazama.

Akaiona. Ilikuwa yake, na hakuwahi kuiona mahali pale. Vidole vilivyokaza nati zote zile gizani, kovu la wembe wa chuma kwenye gumba, pete ya ndoa iliyokuwa imebana, vyote vikiwa wazi ndani ya maji, mwanga wa jua ukicheza juu yake. Miaka yote mikono hiyo ilifanya kazi peke yake kama watumishi waliofungiwa jikoni. Aliigeuza, akaitazama viganja, akaitazama migongo. Aliipenda. Kisha, taratibu, akaikunja kifuani kama alivyoagizwa, na palipokuwa na mikono pakabaki dunia.

Ukuta ulishuka kushoto kwake ukiwa umechanua. Matumbawe ya manjano, ya zambarau, mengine kama masikio, mengine kama ubongo. Samaki walipita kwa mamia wakigeuka wote pamoja, na kila walipogeuka walibadilika rangi. Pweza alijificha kwenye tundu na kuacha jicho moja nje. Kutoka kule kwenye buluu iliyomtisha alikuja kasa mkubwa, bila haraka, akipiga makasia yake, akapita mbele yao na kumtupia Kambale jicho la mara moja, kama bosi anayepita idarani. Chumvi akamwuliza kwa duara la vidole: uko sawa? Kambale akajibu kwa duara lake, akalikaza kwa nguvu hadi vidole vikauma. Alikuwa na furaha, furaha tupu, isiyo na kasoro, na machozi yalikuwa yanamjaa ndani ya miwani hadi ikabidi aitoe maji kama mwanafunzi.

Walipoibuka, kitu cha kwanza alichofanya ni kupiga kelele. Hakikuwa neno. Mwendesha boti aliruka kwa mshtuko.

"Nini? Kuna nini?"

"Hakuna kitu," alisema Chumvi, akitema maji na kucheka. "Mtu ameona."

Gatini walifika mapema, kama Chumvi alivyoapa. Waliagana kwa kukumbatiana, wote wawili wakinuka mpira na chumvi, na mumewe akasimulia njia nzima hadi ngazini jinsi yeye alivyokuwa na hakika tangu mwanzo.

Meli ilipong'oa nanga, abiria walijaa sitahani kupiga picha. Wenzao wenye vibandiko walikuwa wanalalamika. Walizamishwa wengi kwa pamoja, na walichokiona zaidi ni miguu ya wenzao. Binti wa dawatini alipita na sinia la vinywaji.

"Mama, boti ya kioo ulikwenda?"

"Sikwenda."

"Pole sana," alisema binti, akitazama bahari iliyokuwa inang'aa. "Lakini angalau unaiona kutoka hapa. Si ni nzuri?"

Kambale akaitazama, buluu laini, tambarare, na simu zote zimeelekezwa kwake.

"Huo ni mfuniko wa sufuria, mwanangu," akasema. "Keti nikwambie kilichopikwa."

Binti aliangalia huku na huku, akaweka sinia chini, akaketi. Mwoka mikate naye akavuta kiti. Na Kambale, ambaye kwa miaka yote alikuwa akirudi kutoka majini na kusema "nimemaliza" tu, alianza na kale kasamaki kembamba, na hakuacha kusimulia hadi kisiwa kilipopotea.