Neno Lililopoteza Adabu Njiani

Mfuaji mpya wa hoteli alibandikwa jina la Madamu siku ile ile aliyoanza kazi, maana yeye alimwita kila mwanamke madamu, hata aliyemsogezea ndoo. Shule yake yote aliisoma kwa Kifaransa. Asubuhi hiyo alisema, "Ngojeni nifanye toilet kwanza," akimaanisha anawe uso na kufunga kilemba vizuri. Bimkubwa, msimamizi wa chumba cha kufulia, akampa brashi na dawa ya choo. Madamu akasugua vyoo vyote vya wafanyakazi kimya kimya, akidhani hapa ndivyo mgeni anavyopokewa. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu, yakaisha.

La pili halikuwa la kucheka. Mama yake Madamu alikuwa atolewe mtoto wa jicho Alhamisi, na bibi yule alishaapa kwamba bila bintiye kumshika mkono, halali kwenye kitanda cha daktari. Madamu akapanda juu kwa meneja kuomba ruhusa. Meneja hupenda Kiingereza, basi naye akajikaza kwa Kiingereza. Hata hajashuka ngazi, simu ya chumba cha kufulia ikalia.

"Mtu wako huyu atafute kazi kwingine," meneja alimwambia Bimkubwa. "Amekuja kuniamrisha ofisini kwangu."

Bimkubwa akasimamisha pasi. Madamu aliingia, akashika shuka, akawa anakunja na kukunjua lile lile.

"Mwanangu, ulimwambiaje bosi?"

"Kwa heshima tu, Bimkubwa. Nilisema, 'I demand one day.'"

"Heshima gani hiyo? Hiyo ni kumkaba mtu koo."

Madamu akaliweka shuka chini. "Kwetu *demander* ni kuomba. Hata mtoto akitaka maji husema hivyo."

Bimkubwa alitaka kumwambia kwamba hapa si kwao, kisha akaikumbuka ile brashi. "Na ile toilet?"

"Ni kujitengeneza. Kunawa, kuchana nywele."

"Kumbe Waingereza waliazima maneno kwenu, wakayafanya watakavyo. La kujipamba wakalipeleka chooni, la kuomba wakalipa rungu."

"Sikujua, Bimkubwa. Yanafanana kama mapacha."

"Mapacha waliolelewa nyumba mbili. Vua aproni, twende."

Huko juu Bimkubwa alianza na kisa cha vyoo. Meneja alijitahidi kununa, lakini hadithi ilipofika kwenye brashi, kicheko kikamponyoka. Alipoelezwa kwamba na hilo la "demand" kwa Kifaransa ni kuomba tu, akamgeukia Madamu.

"Haya, niambie tena. Kwa Kiswahili."

"Naomba siku ya Alhamisi, bosi. Mama yangu anafanyiwa upasuaji wa jicho, na bila mimi hakubali."

"Sasa hilo ndilo ulilopaswa kusema tangu mwanzo. Nenda. Ijumaa nikukute kazini."

Ijumaa Madamu alichelewa kidogo, akaja na habari: bandeji imetolewa, mama anaona, na jambo la kwanza aliloliona ni kwamba bintiye amekonda. Akatundika mkoba.

"Ngojeni nifanye…" Akasita, akaitupia jicho kona ya brashi. "Ngojeni ninawe uso."